Kabla Hajanyonya

Wanaosema kondoo hana akili hawajamwona kondoo anavyoficha ugonjwa. Atakula na wenzake, atapanda kilima na wenzake, atazaa na kumlamba mwanawe, kumbe muda wote huo mapafu yake yanakakamaa polepole, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku utakayomwona kabaki nyuma ya kundi, kanyoosha shingo, mbavu zinapanda na kushuka ilhali hajakimbia popote, ujue umechelewa zamani. Madaktari wana jina refu la ugonjwa huo. Wafugaji wa mtaa mmoja walijaribu kulitamka wiki moja, wakachoka, wakauita ugonjwa wa kuhema, na yakaishia hapo.

Aliyeujua kwa karibu kuliko wote ni Bi Saa. Jina hilo alipewa na majirani, na hawakumwonea hata kidogo. Mwanamke huyo alikuwa na saa mkononi, saa jikoni, na saa nyingine bandani juu ya ndoo za maji, na ole wako umwambie kitu kimetokea "kwenye saa nne hivi". Angekukazia macho akuulize nne na dakika ngapi. Kondoo wake aliwarithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, kizazi kimoja cha kondoo weupe wenye masikio marefu, na aliwajua kwa nyuso kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake. Basi siku damu ilipopimwa, na Daktari wa mifugo akaja na karatasi inayosema kwamba karibu kundi zima limeambukizwa, Bi Saa aligeuza ndoo akaikalia, na hapo alikaa mpaka chungu kikaungua jikoni.

"Dawa yake?" akauliza.

"Hakuna."

"Chanjo?"

"Hakuna, mama. Ipo njia moja, lakini ni ya watu wenye roho ngumu."

Daktari alikuwa kijana asiyependa maneno mengi, ila siku hiyo alijitahidi. Ugonjwa huu, alisema, huletwa na virusi. Kondoo wakibanana huambukizana kwa pumzi, lakini njia yake kuu ni maziwa ya mama, na hasa lile dang'a, maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Mwanakondoo huzaliwa mzima mara nyingi. Anaukuta ugonjwa kwenye chuchu. Kwa hiyo achukuliwe pale pale anapoanguka toka tumboni, apanguswe kwa taulo, anyweshwe dang'a la ng'ombe kwa chupa, kisha apelekwe banda jingine asimwone tena mama yake. Wazima wakae juu, wagonjwa chini. Wale wa chini wataisha kwa umri na kwa kisu, wale wa juu watabaki, na kundi litakuwa safi.

"Kabla hajanyonya," alisema. "Si baada ya kidogo. Hata funda moja, kazi yote imeharibika."

Tena haikuwa hiari. Kilima cha malisho kilikuwa cha wafugaji wote, na chama chao kilishakaa kikao. Walimpa Bi Saa miaka mitatu. Msimu wa tatu wa kuzaa ukipita na banda la juu likapimwa likakutwa safi, kundi litaishi. Wakikutwa wagonjwa tena baada ya hapo, wote wanakwenda machinjioni, wa juu na wa chini, ili kondoo wa wenzake wapone. Hakulalamika. Angekuwa yeye ndiye mwenyekiti, angesema hivyo hivyo.

Banda la juu alilijenga mumewe. Alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mkewe naye alimwita Fundi, na yeye alimwita mkewe Mama, ingawa binti yao wa pekee aliolewa mbali na hakukuwa tena na mtoto nyumbani wa kusikia hayo. Fundi alijenga uzio wa safu mbili, na katikati akaacha njia ya hatua sita ili pua za juu zisikutane na pua za chini. Kazi safi, huwezi kuitia dosari. Na mtu mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Panya akinaswa mtegoni alimwita mkewe aje ammalize, yeye akaenda kusimama uani mpaka mambo yaishe. Watu walimpenda kwa hilo. Bi Saa mwenyewe alimpendea hilo.

Mtu wa tatu alikuwa Mjomba, kaka wa mama yake Bi Saa, aliyechunga kondoo hao tangu Bi Saa hajazaliwa. Mjomba hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mpe mwanakondoo aliyepinda miguu tumboni, aingize mkono wake mwembamba, afumbe macho, na kufumba na kufumbua mtoto yuko chini anapiga chafya.

Walipanga zamu, siku ya huyu, siku ya yule. Mwenye zamu ndiye anayepokea mwanakondoo, anamnywesha chupa mbili za dang'a kwenye chumba kidogo pembeni, halafu anampandisha juu. Daftari lilining'inia kwenye msumari chini ya saa. Kwa sababu Mjomba haandiki, Fundi aliziandika zamu zote mwanzoni mwa msimu, jina na tarehe, na kila aliyezaliwa akaandikwa chini ya zamu ya siku yake. Dang'a lilitoka kwa Mama Ndama, jirani mwenye ng'ombe, likawekwa kwenye friza ya Bi Saa jikoni.

Msimu wa kwanza walizaliwa ishirini na wanne. Walipofikisha mwaka wakapimwa. Wote wazima. Bi Saa alitembea toka ofisi ya Daktari mpaka nyumbani akicheka peke yake, na waliokutana naye njiani walidhani akili zimeshamruka.

Msimu wa pili walizaliwa ishirini na watano. Nao walipofikisha mwaka, Daktari alikuja na karatasi, hakuketi.

"Kumi na mmoja," akasema. "Mama, hawa wamenyonya."

Bi Saa alilitoa daftari msumarini. Alisoma namba ya hereni ya sikioni kwenye karatasi, akaitafuta daftarini, akaweka kidole, akaenda ya pili, ya tatu. Alipofika ya kumi na moja hakuwa na haja ya kurudia hesabu. Hakukuwa na hata mmoja wa zamu yake. Hakukuwa na hata mmoja wa zamu ya mumewe. Wote kumi na mmoja walikuwa wa zamu ya Mjomba.

Mjomba alikuwa uani, anasuka kamba. Fundi alikuwa mlangoni pa karakana yake, randa mkononi.

"Mjomba, kwa nini?" Bi Saa aliuliza. Daftari alilishika mbele yake limefunguliwa, kana kwamba mzee ataweza kulisoma. "Kwa nini umenifanyia hivi? Kama umezeeka, kama umechoka, si ungesema? Kondoo wa dada yako hawa. Wa dada yako mwenyewe."

Mjomba aliliangalia daftari. Akainua macho akamtazama Fundi pale mlangoni. Kisha akarudi kwenye kamba yake, akaifunga fundo la mwisho, akaiweka chini.

Na kimya cha mzee, kwa mtu mwenye hasira, ni sawa na kukiri. Kesho yake aliondoka. Alipata kazi ya kulinda geti kwenye maghala ya nafaka, ng'ambo ya mji. Fundi alimbebea sanduku mpaka barabarani, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Bi Saa akamwonea huruma. Ndiyo, huyo huyo. Alimkalisha kitandani, akamshika mkono, akampa pole.

Wale kumi na mmoja wakashushwa chini. Banda la juu wakabaki thelathini na wanane, wakapimwa upya, wakakutwa wazima. Msimu wa tatu, wa mwisho, ukakaribia. Zilibaki wiki mbili hivi, na Bi Saa, ambaye hapendi "hivi", alisema siku kumi na tatu. Alikwenda kwa Mama Ndama kuagiza dang'a.

Mama Ndama alikuwa anakamua. Hakusimama. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na utani kwake haukuwa na likizo.

"Karibu, mwenye saa zake. Umekuja kuniambia nimechelewa kukamua?"

"Umechelewa, ndiyo. Lakini leo nimekusamehe. Nataka chupa sitini, nijaze friza."

"Sitini? Acha hizo. Chukua thelathini kwanza, zikipungua urudi. Nimechoka kubeba vitu viende virudi."

"Virudi vipi?"

"Si msimu uliopita? Mumeo hakunirudishia zile?" Mama Ndama aliendelea kukamua, maziwa yanalia ndooni. "Alikuja na kikapu mara mbili tatu, chupa bado ngumu kama mawe. Eti zimezidi, na dang'a kulimwaga ni dhambi. Nikamwambia wewe mwanamume una roho ya peke yako. Nikawapa ndama wangu. Ishirini na mbili zilikuwa, nazikumbuka kwa sababu nilikosa pa kuziweka."

Kila mwanakondoo chupa mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata, na yeye aliipata kabla Mama Ndama hajafunga mdomo.

"Shoga, mbona umenyamaza? Nimeharibu?"

"Hujaharibu," alisema Bi Saa. "Nipe hizo thelathini."

Njiani kurudi alikuwa anamtetea mumewe kichwani mwake mwenyewe. Labda zilizidi kweli. Labda Mjomba ndiye aliyeziacha, Fundi akazikuta. Labda, labda. Mtu akisalitiwa na mwenzi wake, wakili wa kwanza wa mwenzi ni yeye mwenyewe. Lakini wakili huyo alichoka kabla ya kufika kwenye kona ya nyumba yao.

Fundi alikuwa karakanani, anapiga randa ubao wa kihori kipya cha kulishia kondoo. Maranda ya mbao yalimjaa miguuni.

"Nimetoka kwa Mama Ndama," Bi Saa alisema. "Anashukuru kwa dang'a. Chupa ishirini na mbili."

Randa ilisimama katikati ya ubao. Fundi aliiacha hapo hapo, akakaa kwenye stuli, akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

"Mjomba mgongo ulimshika msimu ule," alisema mwishowe. "Karibu nusu ya msimu. Akaniomba nimshikie zamu na nisikuambie. Aliogopa utamwona amezeeka."

"Ukamshikia."

"Nikamshikia."

"Na daftari?"

"Sikulibadilisha. Niliona ni jambo dogo, mradi kazi inafanyika."

"Ilifanyika?"

Fundi aliangalia chini. "Mama, nisikilize. Siku za zamu yako, ukishamchukua mwana unaondoka naye. Hugeuki. Anayebaki kumsafisha kondoo mama ni mimi. Wewe hujawahi kubaki pale. Anazunguka, ananusa majani mahali alipoangukia mwanawe, anakuja kuninusa mikono kwa sababu harufu iko mikononi mwangu. Analia, na anayeliliwa ni mimi. Nikasema dakika mbili. Wakae pamoja dakika mbili tu, halafu nitamchukua."

"Dakika mbili ulizipima kwa saa gani?"

Fundi aliokota kipande cha ubao sakafuni, akakirudisha.

"Nakuuliza, Fundi. Maana nilitundika saa pale."

"Nilimwonea huruma. Ndilo kosa langu. Nilikuwa na huruma."

Bi Saa alitaka kukubali hapo. Huruma angeweza kuimeza, kwa shida, kama dawa chungu, kwa kuwa aliolewa nayo akiijua. Lakini ubongo wake ulikuwa wa mtu wa tarehe, na tarehe zilikuwa zinajipanga zenyewe.

"Msimu ule ulikuwa na zamu zako pia," alisema. "Walizaliwa wanane siku zako. Niliwatazama daftarini, wote wanane wazima. Siku zilizokuwa na jina lako, mama zao hawakulia?"

Nje mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele kuwasalimu, na hakuna aliyeitikia. Uso wa Fundi ulikuwa umebadilika rangi, na Bi Saa alimwona anatafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku anajua ameusahau.

"Hukuwa na huruma tu," Bi Saa alisema taratibu. "Ulikuwa na huruma na akili. Ulimwonea kondoo huruma kwa jina la Mjomba."

"Sikupanga hivyo."

"Na nilipomsimamisha uani? Ulikuwa umesimama hapo mlangoni. Nilimwambia maneno yale unasikia. Ukambebea na sanduku."

"Nilijua utamsamehe," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye ni damu yako. Mwaka mmoja, miwili, ungemwita arudi, mngecheka. Mimi ni mume tu, Mama. Mimi ungenifukuza, na ningekwenda wapi?"

Kama angempiga kofi, lingemuuma kidogo zaidi au kidogo pungufu, sijui, lakini angalau lingekwisha. Neno hili halikuisha. Miaka ishirini na sita ya kulala kitanda kimoja, na mtu anajihesabu kuwa yeye ni mume tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na Bi Saa alikuwa akilisema neno hilo kwa wengine tangu ujana wake bila kujua ladha yake.

"Siku ile nilikupa pole," alisema. "Nilikukalisha kitandani nikakushika mkono."

Fundi akaanza kulia. Alilia vizuri, kama alivyofanya kila kitu. Bi Saa alimtazama, na kwa mara ya kwanza machozi ya mtu huyu hayakumtuma afanye lolote.

"Banda la chini usikanyage," alisema. "Wala la juu. Tengeneza vihori vyako."

Asubuhi alikwenda kwenye maghala ya nafaka. Geti lilikuwa la bati lililopakwa rangi ya kijani, na pembeni yake kibanda chenye benchi moja na dirisha lisilo na kioo. Malori yalipanga foleni, yamebeba magunia. Mjomba alikuwa ndani ya koti la kampuni lililomzidi mabega. Alikuwa amekonda, ila amesimama wima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Vumbi ni la mahindi, halina ubaya."

Bi Saa alikaa. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na sasa yote yalimkimbia.

"Nimeshajua," alisema. "Ni Fundi."

"Aha."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua kabla yako." Mzee alitoka, akafungua geti, lori likaingia, akalifunga, akarudi kukaa. "Mwana aliyelelewa kwa chupa hamwiti mtu ila mwenye chupa. Mwana aliyenyonya, hata mara moja, anasimama kwenye uzio anamwita mama yake, na mama anaitikia kule chini. Niliwaona siku za mwanzo. Niliwahesabu. Nikajua ni wa zile siku nilizolala na mgongo wangu."

"Ukanyamaza."

"Nilifikiri nitamwambia yeye kwanza. Mwanamume alinishikia zamu, nilimshukuru. Nikawa nasogeza, leo, kesho. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Halafu ukaja na daftari."

"Siku hiyo si ungesema? Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Ungesema si mimi, ni mumeo. Neno moja tu."

Mjomba alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Bi Saa.

"Uliniuliza kwa nini," alisema. "Unakumbuka? Mjomba, kwa nini. Hukuniuliza kama ni mimi."

Nje dereva alipiga honi. Mzee hakuinuka mara moja.

"Nimekubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Nimewazalisha kondoo wenu miaka zaidi ya umri wako. Nikasema, kama yote hayo hayatoshi kumfanya aulize, mdomo wangu utaongeza nini? Nikaangalia kamba yangu."

Bi Saa alijikaza kisabuni, lakini machozi yalimshinda. Alikuwa amekuja akiwa aliyesalitiwa, mwenye haki yake mkononi, na sasa hakujua aiweke wapi. Aliomba radhi. Aliomba kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Akamwambia msimu unaanza, ni wa mwisho, chama hakitaongeza siku, na yeye ana mikono miwili tu na kondoo wa kuzaa zaidi ya ishirini. Arudi. Chumba chake kipo.

"Nimekusamehe zamani," alisema Mjomba. "Sina kinyongo. Lakini kurudi, hapana. Hapa watu hawanijui hata kidogo, na bado wananiachia funguo. Nimeshazoea." Alisimama, akaweka koti sawa. "Nenda. Wanaweza kuanza mapema, mwaka huu majani yamekuwa mazuri."

Akaenda kulifungulia lori. Bi Saa alingoja kidogo, kama atageuka. Geti lilipofungwa, mzee alikuwa anazungumza na dereva mambo ya magunia.

Alifika nyumbani saa kumi kasoro dakika nane. Alisikia kabla hajaona: mlio wa kondoo jike kutoka banda la chini, ule mfupi, wa chini chini, anaoutoa akiwa na mtoto tu. Mapema kweli. Alikimbia na viatu vya safari.

Fundi alikuwa amepiga magoti nje ya mlango wa banda, mikono mbele yake, na mikononi taulo, na ndani ya taulo mwanakondoo mweupe, bado anametameta. Ndani, mama mtu alikuwa akizunguka na kugonga mlango kwa kichwa.

"Nilikuambia usikanyage."

"Alikuwa amekwama, Mama. Mguu mmoja ulirudi nyuma. Ningemwacha wangekufa wote wawili." Fundi aliongea haraka, bila kunyanyuka. "Hajanyonya. Nimempokea mkononi, nikatoka naye hapo hapo, hata mama yake hajamlamba. Chupa iko jikoni kwenye maji ya moto. Sikutaka kumpa mpaka uje uone mwenyewe. Hajanyonya, naapa."

Bi Saa alichuchumaa. Alimfungua mwanakondoo mdomo kwa kidole. Mdomo ulikuwa umelowa, na mdomo wa mwanakondoo gani aliyezaliwa sasa hivi haujalowa? Alichungulia kiwele cha mama kupitia upenyo wa mlango. Nacho kilikuwa kimelowa, maji ya uzazi na majani, hakuna kilichosomeka. Alimgusa mwanakondoo tumbo. Alimnusa mdomoni. Alimtazama mumewe machoni, mahali ambapo kwa miaka ishirini na sita aliona kila alichotaka kuona, na hapo pia hakuna kilichosomeka.

Juu kulikuwa na thelathini na wanane. Kizazi kizima cha kondoo wa mama yake kilikuwa kimesimama kule juu kinacheua, na kati yao na machinjio kulikuwa na neno la mtu huyu.

"Mrudishe kwa mama yake," alisema.

"Mama, hajanyonya."

"Nimekusikia. Mrudishe."

"Nakuomba. Huyu ni mzima. Safari hii nimefanya kama ulivyosema, kila kitu, kama ulivyosema. Usimwadhibu yeye."

"Sijui kama ni mzima. Wewe ndiye unayejua, na wewe sikuamini. Mrudishe, Fundi."

Alichukua muda mrefu kusimama. Akafungua mlango, akaingia, akamweka mwanakondoo kwenye majani, na mama mtu akaacha kulia papo hapo akaanza kulamba. Fundi alitoka akasimama karibu na mkewe. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Walitazama ndani.

Mwanakondoo alisimama, akaanguka, akasimama tena. Akaanza kutafuta. Alisukuma pua yake kwenye goti la mama yake, akanyonya manyoya ya goti. Akaenda katikati ya miguu ya mbele, akagonga kifuani, akangoja, hakupata kitu. Akageuka akaunyonya ubao wa ukuta.

Bi Saa alikuwa ameona wanakondoo mamia. Aliyewahi kunyonya, hata funda moja, anakwenda moja kwa moja nyuma chini ya paja, hafundishwi mara mbili, na maziwa yakimfika ulimini mkia hutikisika. Huyu hakujua ziwa liko wapi. Huyu hakuwa ameonja kitu chochote tangu aje duniani.

Alifungua mlango akaingia mbio. Mama mtu aligeuza ubavu wake kidogo, akamsogeza mwanawe kwa pua, na Bi Saa alipoinama na mikono yake miwili, mkia mdogo mweupe ulikuwa umekwisha kuanza kutikisika.